Namna ya kusafiri na mume mgonjwa

Mume wangu alipokuwa amemaliza dripu ya tatu ya saratani ya tezi za limfu, nilimpeleka safari iliyokaribia kunipotezea mume. Nilikuwa nimepanga matembezi saba kwa siku tatu, kana kwamba nikimwonyesha mazuri mengi ugonjwa wenyewe utaona haya uondoke. Usiku wa pili homa ikampanda, tukakeshea hospitali katika mji tusiomjua mtu. Safari ya pili, miezi miwili baadaye, ndiyo iliyonirudishia utulivu, na sala yangu pia. Kama una mwenza anayeumwa na unawaza kutoka naye, usianzie nilipoanzia mimi.

Anza na kalenda ya dawa, ramani baadaye. Yeye alikuwa akitundikiwa dawa kila baada ya siku 21. Dawa hizo huua saratani, lakini huangusha pia chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo kinga ya mwili, na mara nyingi zinakuwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Mimi nilimsafirisha siku ya 9, kwa kuwa ndipo nilipopata likizo. Kwa mzunguko kama wake, wiki iliyo salama zaidi ni ya tatu, kabla ya dripu inayofuata. Dawa nyingine zina mwendo mwingine, kwa hiyo muulize daktari: wiki gani, umbali gani, na vipimo vya damu vya mwisho vinasemaje.

Beba kipimajoto. Kwa mtu aliye kwenye dawa hizi, nyuzi 38 zinatosha kumwamsha dereva usiku wa manane. Usimpe kwanza kidonge cha kushusha homa ukasubiri kupambazuke. Kidonge kitaificha homa huku maambukizi yakiendelea. Ndiyo maana nasisitiza kulala mahali ambapo hospitali iko ndani ya saa moja, hata kama pazuri zaidi pako mbele.

Na omba barua ya daktari. Usiku ule nesi aliniuliza mgonjwa anatumia dawa gani, nikasimama pale dirishani nikikumbuka kitu kimoja tu, kwamba moja ya dawa zake ni nyekundu. Barua iwe na jina la ugonjwa, majina ya dawa, tarehe ya dripu ya mwisho na simu ya wodi. Dawa zenyewe zikae kwenye begi la mkononi. Kama anatumia mofini, ile dawa kali ya maumivu, na mnavuka mpaka, ulizeni ubalozi mapema, nchi nyingi zina masharti makali juu yake.

Kwenye ndege, hewa ya ndani ni kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na mwenye upungufu wa damu anaweza kuishiwa pumzi akiwa amekaa tu. Saratani pia huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Ndege au gari, anyooshe miguu kila baada ya saa moja au mbili, na anywe maji.

Wengi wetu Waislamu fikra ya kwanza ni umra, ile ziara ya ibada huko Makka. Sikukatazi, nami naitamani bado. Lakini kutembea mara 7 kati ya vilima vya Safa na Marwa peke yake, kwenda ikihesabiwa moja na kurudi moja, ni takriban kilomita 3, katikati ya umati, na chanjo zenye vijidudu hai, kama ile ya homa ya manjano, hazimfai mtu ambaye kinga yake imeshushwa na dawa. Kiti cha magurudumu kinaruhusiwa, tena bila aibu yoyote: Ummu Salama, mke wa Mtume, alipokuwa mgonjwa, Mtume alimwambia atufu, yaani aizunguke Kaaba, akiwa amepanda mnyama, nyuma ya watu.

Habari hiyo ya Ummu Salama ndiyo iliyonifungua macho, na hapa naomba tukae kidogo. Miezi yote ile nilikuwa nikiswali kama mtu anayedaiwa. Nilikuwa nimeshaweka nadhiri nne. Akipona nitafunga hivi, akipona nitatoa hivi. Nikiinuka kwenye mswala nimechoka kuliko nilivyoketi. Kisha nikasoma tena aya za saumu katika Suratul Baqara, ya 184 na ya 185, nilizozisikia tangu utotoni, nikaona neno nililolipita miaka yote: mgonjwa na msafiri wametajwa pamoja, katika sentensi moja, na wote wawili wamepunguziwa. Na ipo hadithi kwamba mja akiugua au akisafiri, huandikiwa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa nyumbani na mzima. Mume wangu ni mgonjwa. Ukimtoa nyumbani, ni mgonjwa na ni msafiri. Kapewa rukhsa mbili, na mimi nilikuwa namburuta.

Basi safari ya pili niliipanga kwa rukhsa. Mahali pamoja, pwani, siku mbili. Chumba cha chini, choo hatua chache kutoka kitandani. Jambo moja kwa siku, tena asubuhi anapokuwa na nguvu, na likishindikana halihamishiwi kesho. Tulikubaliana pia kwamba kuanzia Alasiri hadi Magharibi hatutaji dawa wala majibu ya vipimo. Siku ya kwanza tulikaa kimya karibu muda wote huo, kwa kuwa hatukuwa na mazungumzo mengine. Usiogope kimya hicho. Siku ya pili akaanza kunisimulia mambo ya kabla hatujaoana ambayo sikuwa nayajua.

Tulikuwa tumevuka kilomita 80 na zaidi, umbali unaomruhusu msafiri kupunguza swala, kwa hiyo Adhuhuri na Alasiri tuliziswali rakaa mbili mbili badala ya nne, kwa pamoja. Aliswalisha akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akiinama kidogo kwa rukuu na zaidi kwa sijda, nami nyuma yake. Baada ya salamu nilinyanyua mikono na sikuomba kitu. Nilibaki nimeinyanyua tu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie.

Dawa ilikuwa imemletea ganzi miguuni, kwa hiyo mchangani nilimvika viatu. Mwenye ganzi anaweza kuungua au kujikata asijue. Jioni akataka kuvivua. Nilipapasa mchanga kwa kiganja, nikaona hauna chupa wala gamba, nikamshika mkono tukaingia majini mpaka kwenye vifundo.

"Maji baridi," akasema.

"Umeyahisi?"

"Kidole gumba cha kushoto."

Tukasimama pale mpaka jua likakaribia kuzama. Kisha nikampangusa miguu kwa khanga, nikamvika viatu, tukapanda taratibu kwenda kuswali Magharibi, ambayo haipunguzwi.