Kwenda Mgeta bila kuachwa na gari

Shemeji yangu wa Dar alinipigia: anataka siku mbili za utulivu huko bondeni Mgeta, Milima ya Uluguru, aanzie wapi? Nikamwandikia hivi.

Hatua ya 1: Fika Morogoro. Basi au treni ya SGR, utajua mwenyewe.

Hatua ya 2: Masika, Machi hadi Mei, baki kwako. Juni na Julai njia ni kavu ila baridi inauma. Beba sweta zito, si kile kikoti chako cha ofisini.

Hatua ya 3: Gari la kupanda. Hapa ndipo niliposota. Magari ya huku yanafuata mboga, si abiria. Alfajiri yanashuka na kabichi, karoti na njegere kuwahi soko la mjini. Mchana yanapandisha waliokwisha kuuza. Safari yangu ya kwanza nilifika stendi saa mbili asubuhi nikijiona nimewahi. Nikakalia begi mpaka saa nane. Kurudi ndiko kulikokuwa balaa: niliamka saa moja, nikanywa chai taratibu, kumbe gari lilishaondoka saa kumi na moja. Basi, kabla hujashuka kule juu, muulize konda gari linalala wapi na linatoka saa ngapi. Chukua namba yake, umpigie tena usiku, maana saa hubadilika mzigo ukichelewa kufungwa. Siku ya gulio magari ni mengi, lakini siti inaweza kuwa na gunia juu yake, na gunia halikupishi. Kuna watakaokushauri ushuke njia panda ya Sangasanga, kwenye barabara ya Iringa, uchukue bodaboda kupitia Mlali. Kukiwa kukavu, sawa. Mvua ikinyesha utalipa nauli na kusukuma utasukuma. Mimi sipandi.

Hatua ya 4: Ukifika, nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji, jisajili, eleza umefuata nini. Ndipo utoe simu upige picha. Akikupa kijana wa kukutembeza, mkubali na umlipe.

Hatua ya 5: Tembea. Mashamba yako kwenye ngazi za mlima, kwa hiyo pita kwenye kijia, usikanyage kingo za matuta. Watu wamezijenga kwa jembe. Vaa raba zenye meno.

Na sabuni yako usiifikishe mtoni, shemeji. Mto Mgeta unaingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaojaza ndoo zako huko Dar.