Kushusha nitrati na fosfati kwa mwani: mwongozo kwa wafugaji wa matumbawe Nairobi

Mwani ukiwa ndani ya tangi hauondoi uchafu wowote. Unanyonya nitrati na fosfati kutoka majini na kuzigeuza kuwa mwili wake, basi. Uchafu huo unaondoka siku unapoingiza mkono, ukakata fungu na kulitoa nje. Wengi huweka mwani, wakauacha ukajaa hadi ule wa chini ukaoza kwa kukosa mwanga na kurudisha kila kitu majini, kisha wakasema mwani haufanyi kazi. Hii ni kazi ya shamba: unapanda, unatunza, unavuna.

Nachukulia una tangi la lita 200 hivi lenye sampu (tangi dogo la kuchujia maji) chini yake, limeshakomaa, na samaki wanalishwa kila siku. Kama tangi bado linapanda na kushuka amonia, subiri kwanza.

Hatua ya 1: Pima, tena pima maji unayoongeza

Pima nitrati na fosfati kabla ya kununua chochote. Kwa tangi la mchanganyiko wa matumbawe laini na magumu, mimi hulenga nitrati kati ya 2 na 10 mg/l, na fosfati kati ya 0.03 na 0.1 mg/l. Sifuri si lengo. Maji yakikauka virutubisho kabisa, matumbawe hupauka, na mara nyingi dinoflajelati, viumbe wadogo wa seli moja, huvamia mchanga kwa utando wa kahawia wenye viputo, na kuzing'oa hizo ni balaa kuliko mwani wa nywele. Kama kipimo chako cha kampuni ya Hanna kinasoma fosforasi kwa ppb (sehemu kwa bilioni), zidisha kwa 3.066 kisha gawa kwa 1,000 upate fosfati kwa mg/l.

Halafu angalia maji ya kujazia. Ya mfereji yana klorini, ya kisima cha Nairobi mara nyingi yana floridi nyingi na madini mengine. Ukinunua yaliyochujwa kwenye duka la kujaza mitungi mtaani, jua kwamba baadhi yao hurudisha madini kidogo ili maji yawe na ladha. Nunua kipimo cha TDS, yaani jumla ya madini yaliyoyeyuka majini, uende nacho. Kisome 0 au karibu na hapo. Mtungi wenye TDS ya 60 unaweza kuwa unakuletea nitrati na fosfati kila wiki, na mwani utabaki ukifukuzana na mtungi.

Hatua ya 2: Chagua mwani

Anza na Chaetomorpha. Ni nyuzi za kijani zilizojisokota bila mizizi, hazishiki mawe, hazipandi kuta, na ukitaka kuzitoa unazinyanyua zote kwa mkono mmoja. Ikiwa na afya ni ngumu na inakwaruza kidogo vidole, kama waya wa kusugulia sufuria. Ikiwa laini na yenye utelezi, usiinunue.

Caulerpa inakua haraka na ni nzuri kwa macho, lakini ina tabia mbili. Inatambaa na kushika kila jiwe. Pia ikiamua kuzaliana, huachia mbegu zake zote majini kwa pamoja: usiku inakuwa kijani, asubuhi ni maganda meupe na maji yamekuwa maziwa, na virutubisho vyote ulivyodhani umeviondoa vimerudi. Kuikata mara kwa mara na kuiwashia taa saa 24 hupunguza hatari hiyo. Ukiwa nayo, usithubutu kuitupa baharini ukishuka Pwani. Caulerpa taxifolia ilionekana kwenye Mediterania karibu na Monaco mwaka 1984, ikasambaa maelfu ya hekta.

Ulva na Gracilaria zinafaa pia, na samaki walao mwani kama tang watazila, kwa hiyo unapata chakula juu ya usafi.

Kuna wanaouliza kuhusu ule mwani unaolimwa Kibuyuni kule Kwale, Eucheuma na Kappaphycus. Ule hufungwa kwenye kamba baharini, unataka maji yanayosukwa sukwa na mwanga mwingi. Ndani ya sampu nyembamba chini ya kabati sikushauri.

Hatua ya 3: Usafirishaji na ukaguzi

Kama unaletewa kutoka Mombasa, usiombe ujazwe kwenye maji. Mwani husafiri vizuri ukiwa na unyevu tu: karatasi ya gazeti iliyoloweshwa maji ya chumvi, mkebe wa plastiki wenye kifuniko, kivulini. Basi la usiku linatosha. Muulize anayekutumia ameutoa wapi, kwa sababu ndani ya hifadhi za bahari kama Watamu, Malindi na Kisite-Mpunguti hairuhusiwi kuokota kitu.

Ukifika, usiutumbukize kwenye sampu. Weka ndoo yenye maji ya tangi, utikise, upekue nyuzi kwa nyuzi mchana kweupe. Unatafuta kaa wadogo, konokono usiowajua, Aiptasia (anemoni ndogo msumbufu inayozaana haraka) na mabaki ya mwani wa nywele. Kisha uache kwenye ndoo hiyo wiki mbili ukiwa na taa, hita na pampu ndogo. Ukikuta Aiptasia hata moja, kata sehemu hiyo na nyingine kubwa kuizunguka, utupe.

Hatua ya 4: Chumba

Tenga sehemu moja ya sampu kwa kioo au wavu wa plastiki. Ikae kabla ya pampu inayorudisha maji juu, na katikati yao pawe na kizuizi, kwa maana kipande cha Chaetomorpha kikiingia kwenye pampu utakuta sakafu imelowa. Hita iwe chumba kingine. Usiku wa Julai Nairobi hita inafanya kazi muda mrefu, na mwani ulioizunguka unazuia maji kupita.

Maji yapite kwa kasi ya kutosha kuugeuza ule mpira wa mwani polepole. Ukitulia sehemu moja, upande wa juu unanawiri na wa chini unakuwa kahawia.

Hatua ya 5: Taa, na kwa nini usiku

Huhitaji taa ya bei. Taa ya LED ya nje, ya wati 20 hadi 30, yenye mwanga mweupe wa 6500K na alama ya IP65 (haiingizi vumbi wala maji ya kurushiwa), inatosha chumba cha lita 30 hadi 40. Luthuli Avenue utazipata duka hadi duka. Zile za waridi za kukuzia mimea ni nzuri pia, ila kabati litang'aa kama disko na majirani watauliza. Iweke sentimita 15 hadi 25 juu ya maji, uifunge na taima, saa 12 hadi 16.

Taima hiyo iwashe wakati taa ya tangi kuu inazima. Sababu ya kwanza ni pH: usiku matumbawe, samaki na bakteria wote wanatoa kaboni dayoksaidi, pH inashuka, na mwani ulio mwangani unaila hiyo kaboni. Sababu ya pili inatuhusu sisi wa huku juu hasa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kanieneo ya hewa ya hapa, maji hubeba oksijeni pungufu karibu moja ya tano kuliko maji yaleyale Mombasa. Maji ya chumvi ya nyuzi 26 yaliyojaa oksijeni pale Nyali yana kama 6.6 mg/l, hapa ni kama 5.4. Nafasi yetu ya kukosea ni ndogo. Mwani wenye taa usiku unaongeza oksijeni saa ambazo tangi linaihitaji zaidi.

Lakini stima ikipotea usiku mambo yanageuka: mwani ulio gizani unavuta oksijeni pamoja na samaki. Kwa hiyo pampu ya hewa ya betri iwe tayari karibu na tangi, ikiwa na betri zilizojaa, na jiwe lake la hewa liingie kwenye tangi kuu.

Hatua ya 6: Kuvuna

Weka fungu la kuanzia la ukubwa wa ngumi mbili. Wiki za kwanza halitaonekana kukua, linazoea. Likishajaza karibu robo tatu ya chumba, anza kuvuna.

Toa fungu lote, uliweke kwenye beseni lenye maji ya tangi. Litikise kwa nguvu. Utaona vidudu wadogo wakitawanyika, wa rangi ya mchanga, wengine wamejikunja kama kamba wachanga. Hao ni chakula cha samaki, warudishe na maji ya beseni. Kata theluthi moja hadi nusu kwa mkasi. Anza na sehemu iliyopauka au ya kahawia, kisha ongeza ya kijani. Sehemu iliyobaki igeuze, ya chini iwe juu.

Sasa pima ulichokata. Kiache kichuruzike dakika tano kwenye chujio, kila mara dakika zilezile, halafu weka kwenye mizani ya jikoni na uandike. Hesabu ya makadirio ni hii: gramu 100 za mwani mbichi ni kama gramu 10 zikikauka. Chukua asilimia 3 ya hizo kuwa nitrojini na asilimia 0.2 fosforasi. Hiyo ni miligramu 300 za nitrojini, sawa na miligramu 1,330 hivi za nitrati. Kwenye lita 200 umetoa karibu 6.6 mg/l. Kwa fosfati umetoa kama 0.3 mg/l. Viwango hivi hutofautiana kwa aina ya mwani na ulivyolishwa, ila daftari litakuonyesha kama unatoa gramu 20 au gramu 200, na hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Hatua ya 7: Vipimo vikikataa kwenda sawa

Pima kila wiki. Kinachowachanganya watu ni nitrati kufika sifuri huku fosfati ikibaki juu. Angalia hesabu ya hapo juu: mwani unachukua nitrati zaidi ya mara 20 ya fosfati kwa uzito. Tangi lenye nitrati 5 na fosfati 0.4 litaishiwa nitrati fosfati ikiwa imeshuka nusu tu, na mwani utasimama kukua. Tena mawe yaliyonyonya fosfati kwa muda mrefu huiachia polepole, kwa hiyo usishangae ikibaki pale pale kwa wiki kadhaa.

Hapo kuna njia mbili: ongeza nitrati kidogo kidogo kwa dawa iliyotengenezewa tangi la bahari, au tumia chembechembe za oksidi ya chuma za kunasa fosfati, kwa kipimo kidogo. Usikimbilie agrovet. Mbolea ya CAN ina amonia, ya DAP ina amonia pamoja na hiyo fosfati unayoikimbia, na kwenye pH ya 8.2 sehemu ya amonia hiyo inakuwa sumu ya moja kwa moja kwa samaki.

Mwani ukipauka wote wakati nitrati na fosfati zipo, shuku chuma na madini mengine madogo madogo; badilisha asilimia 10 ya maji uone. Ukipauka na vipimo vyote viko chini, mwani umemaliza chakula. Punguza saa za taa kwa mbili au tatu, au walishe samaki zaidi kidogo, na usivune wiki hiyo.

Ulichovuna suuza chumvi kwa maji ya mfereji kabla ya kukitia kwenye mboji. Au kiweke kwenye mkebe umpe mwenzako anayeanza, ukimwambia na yeye akikague wiki mbili kwenye ndoo kabla ya kukiingiza kwake.