Gari limefeli kipimo cha moshi: soma karatasi kabla ya kununua chochote

Mwenye gari akitoka kupima moshi na karatasi ya kufeli mkononi, neno la kwanza analoniambia huwa ni lile lile: "Fundi, gari langu halitoi moshi hata kidogo." Na mara nyingi anasema kweli. Simama nyuma ya ekzosi, huoni kitu. Kinachofelisha magari mengi ya petroli hakionekani kwa macho. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na ndiyo inayoua watu waliowasha gari ndani ya chumba kilichofungwa. Mashine inaiona, wewe huioni.

Neno la pili huwa la hasira, kwamba vipimo hivi ni mbinu ya kumkamua mwenye gari. La tatu ni chungu zaidi: "Mbona malori yanapita yamefunika barabara nzima kwa wingu jeusi, halafu mimi mwenye kigari changu ndiyo ninayekamatwa?" Hilo la tatu ni dai la haki na silipuuzi. Sheria inayombana mwenye gari dogo na kuliacha lori lipite inawafundisha watu kuidharau. Lakini uchafu wa lori hausafishi ekzosi yako. Mimi kazi yangu ni kushinda nyuma ya ekzosi, ninavuta kinachotoka humo, na ninataka gari lako lipite kwa sababu ni safi kweli, si kwa sababu umepata njia ya pembeni. Kwa hiyo tuanze na karatasi.

Ukifeli, omba karatasi yenye namba. Ukiandikiwa "amefeli" tu bila namba, hujapewa kitu cha kufanyia kazi. Kwa gari la petroli utakuta kwa kawaida CO, yaani kaboni monoksidi, kwa asilimia. HC, yaani petroli isiyoungua, kwa sehemu kwa milioni. Halafu CO2, O2 na lambda. Vipimo vingi hufanywa mara mbili: injini ikiunguruma yenyewe gari limesimama, na injini ikiwa imekanyagwa hadi mizunguko kama 2500 au 3000 kwa dakika. Kila nchi ina viwango vyake. Kwa mfano, Uingereza gari la petroli lenye katalisti, yaani kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi, huwa linatakiwa lisizidi CO ya asilimia 0.2 na HC ya 200 kwenye mizunguko ya juu, na lambda iwe kati ya 0.97 na 1.03.

Lambda ndiyo namba ninayoiangalia kwanza. Petroli inahitaji hewa mara 14.7 ya uzito wake ili iungue yote bila kitu kubaki. Ikipata kiasi hicho, lambda ni 1.00. Ikishuka chini ya hapo, petroli imezidi. Ikipanda juu, hewa imezidi. Namba hii moja inakuambia uelekee upande gani kabla hujafungua hata nati moja.

Nikuonyeshe karatasi moja. Mzee mmoja alikuja akiwa ameshaambiwa anunue katalisti mpya, na katalisti ndiyo kifaa ghali kuliko vyote kwenye mfumo wa moshi. Karatasi yake ilisoma CO 2.8, HC 190, CO2 12.9, O2 0.3, lambda 0.92. Nikamwambia, "Mzee wangu, weka pesa yako mfukoni kwanza." Lambda ya 0.92 inamaanisha injini inamiminiwa petroli kupita kiasi. Katalisti haiwezi kuigeuza kaboni monoksidi bila kupata oksijeni, na hapo oksijeni haipo. Angefunga mpya ingefeli vile vile, na baada ya muda ingeungua kwa ile petroli ya ziada. Nikachomeka skana, mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Gari lilikuwa limetoka safari, rejeta haigusiki kwa moto, lakini kompyuta ya gari ilikuwa inasoma maji ya injini kuwa nyuzi 18. Sensa ya joto la maji ilikuwa imekufa. Kompyuta ikaamini injini bado ni ya baridi kama ya asubuhi, ikaendelea kuiongezea petroli safari nzima. Ni kisensa cha ukubwa wa kidole gumba, kinafunguliwa kwa spana moja. Lilipopimwa tena CO ikasoma 0.1 na lambda 1.00. Na mzee akapata jibu la kitu kilichokuwa kinamsumbua siku nyingi bila kukiunganisha na moshi: kwa nini gari lake lilikuwa linakunywa mafuta kiasi kile.

Kwa hiyo lambda ikiwa chini na CO iko juu, tafuta petroli inakozidi: sensa ya joto la maji, thamostati iliyokwama wazi, sensa ya oksijeni iliyochoka, nozeli inayovuja, presha ya mafuta iliyopita kiasi, na kwa magari ya zamani ya kabureta, filta ya hewa iliyoziba. Sensa ya oksijeni ipime kwa skana huku injini ina moto. Kwenye magari mengi, ile ya mbele ya katalisti hupanda na kushuka haraka haraka kati ya volti 0.1 na 0.9. Ikiwa imetulia sehemu moja, au inajikokota, hiyo ndiyo ya kushughulikia.

HC ikiwa juu sana, tuseme 600, na CO iko chini, injini inamisi. Kuna silinda haichomi, petroli yake inatoka mbichi. Anza na plagi, kisha koili, kisha pima mgandamizo wa silinda. Usiliendeshe gari linalomisi kwa wiki nzima ukisubiri siku ya kupima, kwa sababu ile petroli mbichi inakwenda kuwaka ndani ya katalisti na kuiyeyusha.

Lambda ikiwa juu ya 1.03 na O2 iko juu, hewa inaingia mahali isipotakiwa. Sikiliza ekzosi ikiwa baridi, asubuhi gari linapowashwa: tundu dogo kwenye gasketi ya manifoldi utalisikia linapiga tsi-tsi-tsi, halafu chuma kikipata joto kinatanuka na sauti inapotea. Tundu hilo lina hila yake. Likiwa mbele ya sensa ya oksijeni, sensa inaona ile hewa ya nje, inaiambia kompyuta petroli imepungua, kompyuta inaongeza. Unapoteza mafuta bure kwa ajili ya gasketi.

Na lambda ikiwa 1.00 safi, injini ina moto, mizunguko iko 2500, lakini CO na HC bado zimekaa juu? Hapo ndipo ninapokubali kuwa katalisti imekwisha. Hapo tu.

Sasa siku ya kupima yenyewe. Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kukaa jirani na kituo, akafika na injini ya baridi, akapimwa. Katalisti haianzi kazi ya maana mpaka ifike nyuzi 300 hivi. Liendeshe gari dakika ishirini au zaidi kwenye barabara inayokuruhusu kukimbia kidogo, si kwenye foleni ya kusogea na kusimama. Ukifika na kukuta msururu, usilizime gari ukasubiri saa nzima. Muulize mpimaji zamu yako ni lini na upange kufika likiwa bado na moto. Kama oili imekaribia muda wake, badilisha kabla. Oili iliyozeeka huwa imechanganyika na petroli, na mvuke wake unarudishwa kwenye injini kupitia ile vali ya kupumulia ya krankeksi, kisha unatokea kwenye karatasi yako kama HC. Filta ya hewa iangalie kwa mwanga; usipoona mwanga ukipenya, ndiyo hiyo.

Taa ya injini kwenye dashibodi ikiwaka, usiende. Nchi nyingi zinakufelisha kwa taa hiyo peke yake. Na usimwache mtu akufutie taa hiyo kwa skana asubuhi ya kipimo. Marekani magari yote madogo yalilazimishwa kuwa na OBD-II, mfumo wa gari kujikagua lenyewe kwa kompyuta, kuanzia toleo la 1996, na mfumo huo unajua kwamba kumbukumbu zimefutwa: yale majaribio ambayo gari hujifanyia lenyewe yanarudi kuwa "bado hayajakamilika". Pale wanapopima kwa kuchomeka waya, utarudishwa nyumbani. Rekebisha kwanza, futa, halafu liendeshe siku kadhaa kwa mchanganyiko wa mjini na barabara kuu, ukiliacha lilale baridi usiku, mpaka majaribio yakamilike. Kabla hujatoa jasho, angalia pia mfuniko wa tangi la mafuta. Usipokaza, au mpira wake ukipasuka, taa inaweza kuwaka kwa sababu hiyo tu.

Dizeli ina habari yake. Hapo mashine haipimi CO, inapima weusi wa moshi: injini inakanyagwa mpaka mwisho, mara kadhaa, na taa inapitishwa kwenye moshi kuona inazuiwa kiasi gani. Kabla hujakubali gari lako likanyagwe hivyo, hakikisha oili iko kwenye kiwango na taimingi belti haijapitisha muda wake, maana belti iliyochoka inaweza kukatika hapo hapo. Moshi mweusi unatokana na hewa kupungua au dizeli kuzidi: filta, mipira ya turbo iliyopasuka, nozeli chafu, vali ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) iliyojaa masizi. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, kagua gasketi ya silinda hedi. Gari lenye filta ya masizi linahitaji safari ndefu ya mwendo mara kwa mara ili filta ijichome yenyewe. Kama wewe ni mtu wa safari fupi za mjini tu, nakushauri usinunue dizeli ya aina hiyo. Na ujue kwamba mwaka 2012 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na sigara. Anayekaa ndani ya gari amefunga vioo. Anayeuvuta ni aliye kando ya barabara, na mtoto aliyeshikwa mkono pua yake iko karibu sawa na ekzosi.

Hii ndiyo sababu nakataa kutoa masega ya katalisti, hata mteja akiniambia gari litapumua vizuri zaidi na kwamba kuna mtu tayari wa kuyanunua. Yana platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana wanunuzi hawakosi. Ukishayatoa, gari la injini nzuri kabisa litafeli kila mwaka, na sensa ya pili ya oksijeni itawasha taa ya injini kwa msimbo wa hitilafu P0420, yaani katalisti haifanyi kazi. Wapo wanaoniambia, "Hata Volkswagen walidanganya." Ni kweli, mwaka 2015 Marekani iliwabaini, na magari karibu milioni 11 duniani yalikuwa na programu ya kutambua kipimo na kujisafisha kwa muda ule tu. Hasira ya walionunua magari yale ilikuwa halali kabisa, walikuwa wamelipia usafi ambao haukuwepo. Ulaya ilianza kupima magari mapya barabarani, si maabara peke yake, kuanzia 2017. Udanganyifu ule uliongeza upimaji, haukuupunguza.

Kama mji wako una eneo la hewa safi, ambako gari chafu hulipishwa, au unalipanga, usiuze gari kwa hofu. London walipopanua eneo lao la ULEZ hadi mji mzima tarehe 29 Agosti 2023, kelele zilikuwa kubwa, watu wakakata nyaya za kamera. Lakini kiwango kilichotakiwa kwa petroli kilikuwa Euro 4, mojawapo ya viwango vya Ulaya vya usafi wa moshi (namba ikipanda, masharti yanakaza), ambacho magari mengi ya kuanzia 2005 au 2006 yanakitimiza. Dizeli ndiyo iliyobanwa, ilitakiwa Euro 6. Gari la petroli la miaka kumi na tano likapita, dizeli ya miaka tisa ikalipishwa. Kwa hiyo tafuta kiwango cha Euro cha gari lako kwenye kadi ya usajili, au muulize mtengenezaji kwa namba ya chesisi, ndipo uamue.

Ukiona umeonewa, dai kwa utaratibu. Uliza mashine ilihakikiwa lini. Kwa kawaida huwa na stika. Angalia kama bomba la kupimia liliingizwa ndani vya kutosha, kama sentimita 30, maana likining'inia mdomoni linavuta hewa ya nje. Uliza joto la oili lilikuwa nyuzi ngapi. Omba lipimwe tena papo hapo likiwa na moto. Mpimaji mwaminifu hakasiriki kwa maswali haya, na nimeona magari yakipita kwa kurudiwa tu.

Ukishapita, karatasi usiitupe. Iweke pamoja na risiti za sevisi uilinganishe na ya mwaka unaofuata. HC ikitoka 40 ikafika 120, bado umepita, lakini kuna kitu kimeanza kuchoka. Fungua plagi uzitazame.