Massive Attack: anzia wapi?

Usianze na Mezzanine, albamu ya 1998 ya kundi hili la muziki. Mimi nilianza nayo, chumbani Himbi, mtaa wa Goma, umeme umekatika. Besi ya wimbo wa kwanza ilinifanya nidhani chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, imejaa viazi inashuka juu ya mawe ya volkano. Nilizima simu.

Anza na Blue Lines, 1991: vijana wa Bristol, Uingereza, waliozoea kupiga muziki kwenye sherehe, wakichanganya rege na rap kwa mwendo wa pole. Kisha Protection, 1994, kwa sauti ya Tracey Thorn. Sasa rudi Mezzanine, ukijua Mushroom, mmoja wa kundi, alijitoa baada yake. 100th Window ya 2003 inatosha ukipiga pasi.

Tafadhali, si kwa spika ya simu: besi yote inapotea.