Kuchora ramani ya Mtwara na Lindi kwa data za atlasi ya dunia

Mwongozo huu ni kwa anayehitaji ramani safi ya mikoa hii miwili: afisa wa halmashauri, mwalimu wa jiografia, au katibu wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) anayetaka kuonyesha maghala ya korosho yalipo. Tutatumia Natural Earth, atlasi ya kidijitali ya dunia nzima, na QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora ramani. Vyote ni bure, na Natural Earth haina masharti ya hakimiliki.

Hatua ya 1: Jua skeli kabla hujapakua chochote

Natural Earth ina seti tatu: 1:10m, 1:50m na 1:110m. Hiyo "m" ni milioni, si mita. Chukua 1:10m, maana ndiyo yenye undani zaidi.

Undani huo nao una kikomo. Kwa skeli hiyo, milimita 1 ya karatasi ni kilomita 10 za ardhi. Kuanzia kaskazini mwa Kilwa hadi Mto Ruvuma ni kama kilomita 400, kwa hiyo mikoa yote miwili inaenea kwenye sentimita 4 tu. Hori la Mikindani halifikii hata milimita moja. Usishangae basi ukiona pwani imenyooka mahali unapojua bahari imeingia ndani, au kisiwa kidogo hakipo. Data haijaharibika, ilichorwa kwa ajili ya ramani ya dunia. Wengi hudhani kuvuta ramani karibu kwenye skrini kunaongeza undani. Hakuongezi kitu, unakuza tu mistari ile ile.

Ndiyo maana data hizi hazifai kuamulia mgogoro wa shamba au mpaka wa kijiji, wala kusema fungu la mchanga katikati ya Ruvuma ni la Tanzania au la Msumbiji. Tafadhali usizipeleke kwenye kikao cha namna hiyo.

Hatua ya 2: Pakua, na usitenganishe mafaili

Unahitaji haya matatu:

- ne_10m_admin_0_countries (nchi)
- ne_10m_admin_1_states_provinces (mikoa)
- ne_10m_rivers_lake_centerlines (mito)

Kila moja huja kama zipu yenye mafaili kadhaa ya jina moja. La .shp lina maumbo, .shx ni faharasa yake, .dbf ni jedwali la majina na takwimu, na .prj linaeleza mfumo wa koordineti. Ukimtumia mwenzako .shp peke yake kwa WhatsApp, hatapata majina, na huenda lisimfungukie kabisa. Mtumie zipu nzima.

Hatua ya 3: Toa Mtwara na Lindi kwenye dunia

Ndani ya QGIS bonyeza Ctrl+Shift+V, kisha ongeza faili la mikoa. Bonyeza F6 uone jedwali lake na uhakikishe majina ya safu (kolamu). Halafu bonyeza Ctrl+F3, dirisha la kuchagua kwa fomula, na uandike:

"adm0_a3" = 'TZA' AND "name" IN ('Lindi', 'Mtwara')

Maumbo mawili yatabadilika rangi. Yasipobadilika, tazama alama: jina la safu hukaa kwenye alama mbili za kunukuu, thamani inayotafutwa kwenye moja.

Kabla ya kuendelea, kagua umri wa mipaka. Tafuta mkoa wa Songwe, ulioanzishwa 2016, kwenye jedwali hilo hilo. Usipokuwepo, mipaka hiyo ni ya kabla ya 2016.

Sasa bofya kulia jina la tabaka (faili la mikoa uliloongeza), chagua "Export", kisha "Save Selected Features As". Hifadhi kama GeoPackage, ambayo ni faili moja tu, na kwenye mfumo wa koordineti weka EPSG:32737. EPSG ni orodha ya namba za mifumo ya koordineti, na hii ni ya UTM, mfumo unaopima kwa mita, kanda ya 37 kusini, inayoanzia longitudo 36 hadi 42 mashariki, na mikoa yetu yote imo. Ukichagua 32637 kwa bahati mbaya, hiyo ni kanda ya kaskazini, namba za kusini mwa ikweta zitatoka hasi.

Hatua ya 4: Weka pointi zako

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Andika jedwali la CSV, yaani faili la maandishi lenye koma kati ya safu, hivi:

jina,lon,lat
Mtwara mjini,40.18,-10.27
Lindi mjini,39.71,-10.00
Masasi,38.80,-10.72

Bonyeza Ctrl+Shift+T, chagua lon kuwa X na lat kuwa Y, na mfumo uwe EPSG:4326, ule wa longitudo na latitudo kwa nyuzi. Anza na miji hii mitatu, uone imekaa mahali pake, ndipo uongeze maghala.

Pointi ikikosea, mahali ilipoangukia panakuambia kosa lilipo. Mtwara ikitokea Ethiopia, umesahau alama ya kutoa kwenye latitudo. Ikitokea Atlantiki, magharibi ya Ureno, umebadilishana X na Y. Ikisogea kama kilomita 12 kaskazini, umeandika 10°16′ kuwa 10.16. Dakika hugawanywa kwa 60: 16 ÷ 60 = 0.27, kwa hiyo ni 10.27.

GPS ikikupa namba ndefu, kama 629000 na 8864000, hizo ni mita. Chagua EPSG:32737 wakati wa kuziingiza. Pointi zilizosomwa kwenye ramani za zamani za karatasi za 1:50,000 ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa koordineti, kwa hiyo weka EPSG:21037. Ukizichukulia kama za GPS ya leo, zitahama kama mita 300, na kosa la mita 300 halionekani kirahisi kwa macho.

Hatua ya 5: Duara la kilomita 10

Ukitaka kuona vijiji vilivyo karibu na kila ghala, kwanza hifadhi pointi upya kwa EPSG:32737, halafu tumia "Buffer", zana ya kuchora duara kuzunguka pointi, na uandike 10000, yaani mita. Ukiandika 10 kwenye tabaka lililo kwa nyuzi, utapata duara la nyuzi 10, zaidi ya kilomita 1,000 kila upande.

Hatua ya 6: Chapa

Bonyeza Ctrl+P kufungua ukurasa wa kuchapa. Kwenye A4 iliyosimama, skeli ya 1:2,500,000 inatosha mikoa yote miwili. Hapo unakuza data mara nne, na pwani itaanza kuonyesha pembe. Kwa mipaka ya mikoa si tatizo. Kwa pwani ya Kilwa, au ramani ya wilaya moja, badilisha chanzo: pakua data za Tanzania za OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea, kutoka tovuti ya Geofabrik, zenye barabara, majengo na pwani kwa undani. Hizo zina sharti, lazima ramani yako itaje kwamba data ni za wachangiaji wa OpenStreetMap.