Namna ya Kumlisha na Kumwangalia Mgonjwa wa Skleroderma Nyumbani

Katika skleroderma ya mwili mzima, kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, na ngozi pamoja na viungo vya ndani hukakamaa kwa makovu. Umio, yaani mrija unaopeleka chakula tumboni, huathirika kwa wagonjwa walio wengi: misuli yake ya chini hudhoofika, chakula hushuka kwa shida, na mlango wa tumbo usiofunga vizuri huachia asidi ipande hadi kifuani.

Kwa hiyo mgonjwa apewe milo midogo ya mara kwa mara, ale akiwa amekaa wima, na asilale kabla ya muda wa saa tatu kupita tangu amalize kula. Tonge la ugali wa udaga (unga wa muhogo) liwe dogo, liloweshwe kwenye mchuzi wa sato, kisha lifuatwe na funda la maji. Kitanda kiinuliwe kichwani kwa matofali, sentimita 15 hadi 20, kwani mito iliyorundikwa hukunja tumbo na kuzidisha kiungulia.

Mgonjwa anayeuza samaki sokoni Mwaloni Kirumba, Mwanza, asishike barafu bila glavu, maana baridi hubana mishipa ya vidole hadi vikawa vyeupe na hata kutoka vidonda.

Kikohozi kikavu, au kuhema anapopanda kwenda nyumba za mlimani Bugarika, huweza kuashiria kuwa mapafu yameathirika. Presha, tafadhali sana, ipimwe mara kwa mara: ikipanda ghafla, huku kichwa kikiuma au macho yakiona ukungu, figo huenda ziko hatarini, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.