Mkataba na msanifu majengo: nyumba ya Mji Mkongwe, Zanzibar

Kabla msanifu hajachora mstari, andikianeni hatua na malipo yake. Mgawanyo unaofaa: asilimia 20 kwa mchoro wa awali, 40 kwa michoro kamili, 15 kibali cha ujenzi kikitoka, 25 kidogo kidogo wakati wa usimamizi. Ukimlipa pesa zote mapema, fundi akikwama utamtafuta msanifu kwa tochi.

Upimaji wa nyumba ulipwe kando, nje ya mgawanyo huo. Kuta za mawe na chokaa hazina pembe mraba, na ncha za boriti za mikoko huoza ndani ya ukuta, hazionekani mpaka plasta ibanduliwe. Kwa hiyo andikeni: uharibifu uliofichika ukigundulika, ada ya ziada ni kiasi gani kwa siku, na mwenye nyumba akubali kwa saini kwanza. Maombi ya kibali Mamlaka ya Mji Mkongwe anapeleka nani? Atajwe.